Maswali ya Wasomaji: Niko Berlin, Kijerumani sijui, jioni niende wapi?

Mwezi huu barua za Berlin zimekuwa nyingi, nadhani ni wanafunzi wapya walioingia pamoja na hawa wadogo zetu wanaokuja kusomea unesi, na karibu wote mnauliza kitu kimoja kwa maneno tofauti, kwamba Kiingereza kipo, Kijerumani bado, sasa wikendi mtu afanye nini zaidi ya kulala na kupiga simu nyumbani. Nyingine nimezijibu kwa kirefu, nyingine nimezigusa tu, mtanisamehe. Ila msimamo wangu nausema mapema kabisa: usikae ndani unasubiri Kijerumani kikomae ndo uanze kutoka. Jifunze lugha, tena jifunze kwa bidii, lakini kutoka utoke leo, manake huu mji jioni zake nyingi zinaenda kwa Kiingereza na nyingine haziitaji lugha yoyote.

SWALI: Dada shikamoo. Nimekuja Berlin kusoma masters, na kila Jumatatu wenzangu darasani wanaongelea Berghain tu, nani kaingia nani karudishwa. Mimi muziki napenda ila naogopa kukaa foleni masaa halafu nikatazwe mbele za watu. Bila Kijerumani mtu anaingia kweli? Na kuna haja? — Mwanafunzi mpya, Wedding

Marahaba mdogo wangu. Bila Kijerumani watu wanaingia, tena kila wiki, nusu ya ile foleni ni wageni waliopanda ndege kwa ajili hiyo tu. Pale mlangoni hakuna intavyuu ndefu, wanakuangalia, labda wanakuuliza mko wangapi, labda umekuja kumsikiliza nani, basi, unaambiwa pita au unaambiwa hapana. Na ukiambiwa hapana hakuna maelezo, unaondoka kimya kimya na hakuna anayekushangaa kwa sababu aliyekuwa mbele yako naye kaambiwa hivyo hivyo.

Kwa wasioijua, Berghain ni klabu ya tekno iliyofunguliwa 2004 ndani ya jengo kubwa la zamani la mtambo wa umeme, karibu na stesheni ya Ostbahnhof, na shughuli ikianza Jumamosi usiku wa manane haikatiki mpaka Jumatatu asubuhi. Kinachowezesha hayo ni historia. Mwaka 1949, upande wa magharibi wa mji ulipokuwa chini ya majeshi ya Marekani, Uingereza na Ufaransa, mwenye hoteli mmoja anaitwa Heinz Zellermayer alimfuata kamanda wa Kimarekani Frank Howley akiwa na chupa ya wiski, akamshawishi kwamba saa ya lazima ya kufunga baa haina maana. Ikafutwa, na mpaka leo Berlin haina saa ya kufunga. Ndo maana hapa hakuna ule mkimbio wa kila mtu kutolewa nje saa tisa usiku kwa mkupuo.

Sasa ukiamua kwenda, nenda mwenyewe au na mtu mmoja wawili, msije kundi la watu tisa mkipiga kelele. Usilewe kabla. Usitoe simu kwenye foleni kujipiga picha, na ukiingia watakubandikia stika kwenye kamera ya simu mbele na nyuma, uiache hapo hapo, picha ndani ni marufuku na wakikukuta unapiga unatolewa. Mimi hii sheria naipenda kwa dhati, watu wanacheza bila kuogopa kuamka asubuhi wamesambaa mtandaoni, na ukishacheza masaa kadhaa hakuna skrini hata moja iliyonyanyuliwa hewani ndo unaelewa simu zimetunyima nini kwenye madisko yetu. Viatu vya raha, hela taslimu mfukoni, kitambulisho halisi (siyo picha ya pasipoti kwenye simu), na kama unaweza nenda Jumapili mchana badala ya Jumamosi usiku.

Ila umeniuliza kama kuna haja, nakujibu kwamba kama kweli unapenda tekno, haja ipo, kajaribu. Kama unaenda ili Jumatatu uwe na cha kusimulia darasani, acha, kuna jioni tamu kuliko hizo na hakuna mlango wa kukupima. Klabu ya Tresor kwa mfano, iliyoanza 1991 kwenye chumba cha kutunzia hela cha duka kubwa la zamani mara tu Ukuta wa Berlin ulipoanguka, na tangu 2007 imehamia kwenye jengo la mtambo wa umeme kule Köpenicker Straße, huko ndiko tekno ya Detroit na ya Berlin zilikokutana, na mlango wake hauna vitisho kama ule. Ratiba za klabu zote unazipata kwa Kiingereza kwenye Resident Advisor, wenyewe wanaita RA tu. Na nenda kabla klabu hazijaisha, manake kodi za majumba zinaua klabu hapa, Watergate iliyokuwa ukingoni mwa mto Spree kwa zaidi ya miaka 20 ilifunga mwisho wa 2024. Tekno yenyewe mwaka huo huo Machi iliandikwa kwenye orodha ya Ujerumani ya urithi wa utamaduni usioshikika, yaani serikali inaitambua na mwenye nyumba anaifukuza.

SWALI: Habari dada. Tulienda klabu moja mjini sisi vijana wanne Waafrika, baunsa akasema leo ni pati ya watu walioalikwa. Tukasimama pembeni, Wazungu waliokuwa nyuma yetu wote wakapita na hakuna aliyeulizwa mwaliko. Tufanyeje au tunyamaze? — Tumechoka, Lichtenberg

Poleni sana wadogo zangu, na hapana, msinyamaze. Kukataliwa mlangoni ni kawaida ya Berlin kama nilivyomjibu mwenzenu hapo juu, lakini kukataliwa kwa rangi ni kosa, na Ujerumani ina sheria ya usawa ya mwaka 2006, kifupi chake AGG, ambayo inakataza kumbagua mtu kwa asili yake hata kwenye huduma kama baa na klabu. Tatizo ni kwamba muda ni mfupi, madai mnatakiwa myapeleke ndani ya miezi miwili tangu siku ya tukio, ikiwezekana kwa maandishi, kwahiyo leo hii kaeni muandike: tarehe, saa, maneno aliyoyasema, nani walikuwa mbele na nyuma yenu, na kama kuna yeyote aliyeshuhudia na yuko tayari muombeni namba. Ofisi ya serikali kuu ya kupinga ubaguzi, Antidiskriminierungsstelle, inatoa ushauri bure, na vipo vituo vya ushauri hapa hapa mjini ambapo mnaweza kuongea Kiingereza. Msigombane na baunsa mlangoni, mkigombana kesi inageuka kuwa ya fujo na nyie ndo mnakuwa washtakiwa.

Na naomba msiache kutoka. Najua inavyouma, unavaa, unajipulizia manukato, unafika unaambiwa vile. Lakini jiji siyo la yule baunsa.

SWALI: Sasa dada, mimi natoka Kisii, niko kwa mafunzo ya unesi hapa Neukölln. Shifti ya jioni naitoka saa nne usiku katikati ya wiki, nimechoka lakini usingizi hauji. Kuna pahali dada peke yake anaweza kuenda akae kidogo halafu arudi nyumbani salama? Treni zinaisha saa ngapi? — Nesi wa Kisii

Nianze na usafiri kwa sababu hapo ndo wageni wengi wanakwama. Treni za chini, U-Bahn, usiku wa kuamkia Jumamosi na Jumapili na sikukuu zinatembea usiku kucha, wewe ukitoka saa kumi alfajiri unapanda tu. Lakini Jumapili hadi Alhamisi usiku zinasimama kama saa saba usiku hivi na zinaamka karibu saa kumi na nusu alfajiri. Hapo katikati kuna mabasi ya usiku yenye herufi N, na wameyapanga kwa akili, N1 inafuata njia ya U1, N6 njia ya U6, N7 njia ya U7, kwahiyo ukijua treni yako umeshajua basi lako. Yanakuja kila nusu saa, sasa ukilikosa ni nusu saa ya baridi, angalia programu ya simu ya BVG, kampuni ya usafiri wa mji, kabla hujatoka kwenye baa na siyo ukiwa kituoni. Halafu tiketi, jamani tiketi. Stesheni hazina geti, unashuka ngazi unapanda, unadhani ni bure, na wakaguzi wanavaa nguo za kawaida kabisa. Faini ni euro 60. Tiketi ya karatasi lazima uigonge kwenye kile kimashine kabla ya kupanda, isipogongwa ni sawa na huna.

Sasa pa kwenda. Wewe uko Neukölln, umebarikiwa. Huko kuna Comedy Café Berlin, ukumbi mdogo wa komedi ambao shoo zake karibu zote ni kwa Kiingereza, unakaa na soda yako unacheka, hakuna anayekusumbua. Vibaa vya Weserstraße vimejaa watu wasiojua Kijerumani, mhudumu mwenyewe mara nyingi anatokea Australia au Hispania na ukimsemesha Kijerumani chako cha darasani anakujibu kwa Kiingereza. Majira ya joto panda juu ya jengo la maduka la Neukölln Arcaden, ghorofa ya juu kabisa ya maegesho ya magari, pale pana Klunkerkranich, bustani na baa ya juu paani, mwezi Juni jua linazama karibu saa tatu na nusu usiku kwahiyo siku ya mapumziko unaweza kuliona lote likishuka.

Kuhusu kuwa peke yako: dada zetu wengi wanatoka peke yao hapa na mwanamke kukaa na kinywaji chake bila mwanaume siyo habari. Lakini glasi yako usiiache mezani ukaenda chooni, na ukianza kujisikia vibaya ghafla kuliko ulivyokunywa mwambie mhudumu pale pale, sema kwa sauti. Klabu nyingi zina watu wa kazi hiyo tu, wanaitwa timu ya awareness, utawaona wamevaa alama, unawaendea hata kwa kusema kuna mtu ananifuata. Polisi ni 110, gari la wagonjwa 112, na Kiingereza wanakisikia. Vituo vya Kottbusser Tor na Hermannplatz usiku wa manane usikae kusubiri ukiwa umeinamia simu, simama kwenye watu na mkoba mbele.

SWALI: Assalaam alaykum dada yangu. Mimi pombe situmii na sehemu za pombe sizipendi, nyumbani Tanga jioni tulizoea kahawa na baraza. Hapa naona kila anayenikaribisha ananikaribisha baa. Nisaidie. — Kijana wa Tanga

Wa alaykum salaam kaka yangu, na swali lako nimelipenda kuliko yote, manake wengi wanaliwaza na hawalisemi.

Baraza yako ipo, iko Sonnenallee. Hiyo ni barabara ndefu ya Neukölln, Walebanoni na Wapalestina wako hapo miaka mingi na baada ya 2015 Wasyria wakaongezeka, na sehemu nyingi hazina pombe kabisa. Nenda baada ya Isha. Wazee wamekaa nje na chai kwenye vile vigilasi vidogo, familia zinapita na magari ya watoto saa tano usiku, kwenye duka la tamu mtu anakata kunafa kutoka sinia pana la shaba, anaimwagia shira, anaigeuza kwenye sahani bado inavuta jibini, unakula na uma wa plastiki umesimama. Hapo Kiarabu chako cha madrasa kitakusaidia kuliko Kijerumani, na Kiingereza kinapita. Kipindi cha Ramadhani ndo usiseme, ile barabara inaamka futari ikipita.

Jioni nyingine zimejengwa juu ya kuangalia na kusikiliza, kinywaji siyo shughuli. English Theatre Berlin ipo Fidicinstraße, Kreuzberg, tangu 1990, tamthilia kwa Kiingereza mwanzo mwisho. Ukumbi wa Maxim Gorki maonyesho ya jukwaa kuu yanakuwa na maandishi ya Kiingereza juu ya jukwaa, na mimi huu ndo ukumbi ninaowasukumia watu wetu, kwa sababu waigizaji na waandishi wake wengi ni watoto wa wahamiaji na mambo wanayoyasema jukwaani ni yetu, karatasi za ofisi ya uhamiaji, mama anayepiga simu, jina lako linavyotamkwa vibaya. Ukumbi wa tamthilia wa Schaubühne nao wana siku maalum zenye maandishi ya Kiingereza, angalia ratiba. Deutsche Oper, ukumbi wa opera, wanaweka maandishi ya Kijerumani na Kiingereza, na wanafunzi tiketi zilizobaki wanauziwa bei ya chini dirishani.

Sinema nayo ina mtego wake. Wajerumani wanazipachika filamu sauti za Kijerumani, utamkuta muigizaji wa Hollywood anaongea Kijerumani fasaha na wewe umelipa. Tafuta herufi kwenye ratiba: OV ni lugha ya asili, OmU ni lugha ya asili na maandishi ya Kijerumani, OmeU ni maandishi ya Kiingereza. Kwahiyo filamu ya Kimarekani ikiwa OV au OmU wewe uko salama, lakini filamu ya Kiirani ikiwa OmU utatoka na picha tu. Rollberg kule Neukölln na Babylon ya Kreuzberg wanaonyesha lugha ya asili. Februari ni Berlinale, tamasha kubwa la filamu lililoanza 1951, hapo maandishi ya Kiingereza ni kawaida na tiketi zinauzwa kwa watu wote siyo wakubwa tu, na mara nyingine kunakuwa na filamu za kwetu ambazo hata Dar hazijafika kwenye ukumbi.

Na jengo la Bunge, Reichstag, lile kuba la kioo juu, kupanda ni bure, unajiandikisha mapema kwenye intaneti na unabeba pasipoti. Linakuwa wazi mpaka saa sita usiku. Nenda usiku, wakati watalii wa mabasi wameshalala.

SWALI: Bongo fleva, amapiano, afrobeat, zinapigwa wapi? Jibu fupi tu. — Mguu unawasha

YAAM, karibu na Ostbahnhof, pembeni ya mto. Ipo tangu 1994, mchanga chini, vibanda vya chakula cha Kiafrika na cha Karibiani, kiwanja cha mpira wa kikapu, mchana watoto wanakimbia na usiku ni reggae, dancehall na afrobeat. Pati za amapiano sa hivi zinahamahama ukumbi kwa ukumbi, fuata kurasa za madijei wenyewe. Bongo fleva usitegemee usiku mzima, utasikia nyimbo mbili tatu katikati ya za Kinaijeria, ila zikipigwa utatujua tulipo kwa kelele. Na wikendi ya Pentekoste kila mwaka kuna Karneval der Kulturen, imeanza 1996, vikundi vya ngoma kutoka kila pembe ya dunia barabarani, hiyo weka alama kwenye kalenda.

SWALI: Dada habari za huko. Mama yangu anakuja kunitembelea wiki tatu, ni mwalimu mstaafu kutoka Lindi, Kiingereza anajua vizuri, Kijerumani hapana. Sitaki nimpeleke kwenye maduka tu. Nimtembeze wapi ambapo atafurahi kweli? — Binti wa mwalimu

Mwalimu kutoka Lindi! Basi hapa nisikilize vizuri.

Shika treni ya U6. Kituo kinaitwa Naturkundemuseum, unashuka, jumba la makumbusho ya viumbe liko jirani hapo Invalidenstraße, maelezo yote Kijerumani na Kiingereza, Jumatatu wanafunga. Ukiingia ukumbi wa kwanza kabisa unakutana na mifupa ya dinosaria aliyesimama zaidi ya mita 13 kwenda juu, shingo inapotelea kwenye paa la kioo. Huyo katoka Lindi. Katoka kilima cha Tendaguru, amechimbwa kati ya 1909 na 1913 wakati wa Wajerumani, na waliochimba ni watu wa kwenu kwa mamia chini ya msimamizi anaitwa Boheti bin Amrani, na mawe yale mazito yalibebwa kichwani na mabegani, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu mpaka bandari ya Lindi, safari kwa safari, yakapakiwa melini. Mwaka 1937 ndo mfupa huu ukasimamishwa hapa. Mama yako anaweza kuwa na babu aliyebeba, nani ajuaye, mpe muda asimame pale bila kuharakishwa. Usimsomee vibao, aachiwe asome mwenyewe, ni mwalimu. Na akikasirika akuulize kwanini mnyama wa Lindi yuko Berlin na Lindi hamna hata makumbusho ya maana ya kumuelezea, mwambie ni swali halali na linaulizwa na wengi, Tanzania na huku pia.

Mkitoka hapo pandeni U6 hiyo hiyo kuelekea kaskazini mpaka kituo cha Afrikanische Straße. Mtaa wa pale mabarabara yana majina yetu: Sansibarstraße, Tangastraße, Usambarastraße, Ugandastraße. Majina yaliwekwa enzi za ukoloni na baada yake kwa kujivunia makoloni, hakuna heshima hapo, lakini kuna barabara moja ndo ninayotaka mama aione. Ilikuwa inaitwa Petersallee, wakaiita hivyo 1939 kwa ajili ya Carl Peters, yule mkoloni wa Kijerumani ambaye wazee wetu walimpa jina la mkono wa damu. Watu walidai miaka na miaka ibadilishwe, na mmoja wa walioshikilia bango hilo bila kuchoka ni Mnyaka Sururu Mboro, Mtanzania wa huko Kilimanjaro aliyeishi Berlin tangu miaka ya 1970 na ambaye amekuwa akiwatembeza watu mtaani hapo akiwaeleza historia hii. Agosti 2024 vibao vikashushwa. Sehemu moja ya barabara sasa inaitwa Anna-Mungunda-Allee, kwa mwanamke wa Namibia, na sehemu nyingine inaitwa Maji-Maji-Allee.

Kampigie mama picha chini ya kibao hicho. Mtu wa kusini, ambaye vita ya 1905 mpaka 1907 alifundisha darasani kwa chaki, asimame pale.

Akichoka kutembea, hapo karibu kuna bustani kubwa ya Rehberge, kakaeni chini ya miti, na majira ya joto ndani ya bustani hiyo kuna sinema ya wazi, Freiluftkino Rehberge, mnachukua blanketi na matunda yenu. Angalia herufi nilizozisema kwa kijana wa Tanga kabla hujanunua tiketi. Jumba la Humboldt Forum katikati ya mji pia linaonyesha vitu vingi vya Afrika, ila siku nyingine, msizichanganye kwa siku moja, yatamlemea.

SWALI: Dada mimi ni mwanafunzi, mwezi ukifika tarehe ishirini nina euro thelathini. Starehe ipo? — Mfuko mtupu

Ipo mdogo wangu, tena Berlin ndo mji wake. Kiwanja cha ndege cha zamani cha Tempelhof kilifungwa 2008, 2010 kikafunguliwa kuwa bustani, na 2014 serikali ilipotaka kujenga nyumba pembeni wananchi wakapiga kura wakakataa. Kwahiyo njia ya kurukia ndege sasa unaendesha baiskeli juu yake, watu wanarusha tiara, wanachoma nyama sehemu zilizoruhusiwa, kuingia bure, wanafunga jua likizama. Kijana wa Tanga, kama unasoma hapa, msikiti wa Şehitlik uko pembeni yake kabisa.

Halafu kuna Späti, vile viduka vinavyochelewa kufunga, kila kona. Unanunua soda au bia kwa bei ya duka, unakaa kwenye benchi la nje na marafiki zako, hiyo ni jioni kamili na hakuna anayekuona huna hela kwa sababu wenye hela nao wanafanya hivyo hivyo. Kunywa barabarani hapa hakukatazwi. Chupa usitupe, ina hela ndani yake, ya plastiki na kopo ni senti 25, ya bia ya kioo ni senti 8, unairudisha kwenye mashine ya supamaketi. Ukishindwa kuibeba iache wima pembeni ya pipa, usiitie ndani, kuna watu wanaozikusanya kuongezea kipato na hutaki wachovye mkono kwenye takataka. Ila ikifika saa nne usiku shusheni sauti kama juu ya Späti kuna nyumba za watu, majirani wa Kijerumani wanapiga simu polisi bila kuja kukuambia kwanza.

Jumapili mchana kuanzia majira ya kuchipua mpaka vuli nenda Mauerpark. Kuna soko la mitumba na kuna karaoke ya wazi kwenye ngazi za mawe, ilianza 2009, wanakusanyika mamia kwa mamia na anayeimba ni yeyote aliyejiandikisha, nyimbo nyingi za Kiingereza. Mwenye sauti anashangiliwa, asiye na sauti anashangiliwa zaidi. Nunua chakula siku ya Jumamosi lakini, Jumapili maduka yamefungwa.

SWALI: Na muziki wa kukaa na kusikiliza tu, jazz na kadhalika? Mimi na mume wangu tuna miaka hamsini na kitu, tekno hapana. — Mama na Baba Charlottenburg

Mko jirani nayo jamani. A-Trane, klabu ya jazz, Bleibtreustraße, ipo tangu 1992, chumba kidogo, wanamuziki mnawaona vidole. Wekeni nafasi mapema, meza zinaisha. Na mkitaka kucheza wawili wawili kama zamani nendeni Clärchens Ballhaus kule Auguststraße, ukumbi wa dansi wa mwaka 1913, vioo vya ghorofa ya juu vimepasuka tangu wakati wa vita na wameviacha hivyo hivyo. Angalieni siku gani ni ya dansi, baba avae viatu vyenye soli laini, na mkifika msikae pembeni kuangalia, pale wa rika lenu ndo wanaoijaza sakafu.